Mawese kwenye Makopa ya Mama Claudine

Mama Claudine anasema ilikuwa Alhamisi, saa saba mchana, jua la kiangazi limesimama. Anasema alikuwa ameanika makopa yake ya muhogo kwenye mkeka, upande wake wa ua, akaenda bombani kuchota maji. Aliporudi, anasema, alikuta matone mekundu juu ya makopa meupe, matone mabichi, yanang'aa. Akainua macho. Akaona tawi la mparachichi wangu limevuka ua, na kwenye tawi kuna kibuyu kimening'inia kinadondosha damu, na ndege ameingiza kichwa ndani anakunywa. Anasema yule ndege alimwangalia kama mtu. Halafu, anasema, mimi Loyce nikatoka mlangoni kichwa wazi, nikatazama makopa, nikatazama ndege, nikatabasamu.

Hayo aliyasema bombani. Bomba letu hapa Makere lina foleni ndefu, na habari ikisimuliwa kwa mtu wa kwanza, inamfikia wa mwisho ikiwa imenenepa. Ilipofika nyuma kabisa, ndege walikuwa saba na mimi nilikuwa nimecheka kwa sauti.

Sasa niseme na mimi. Alhamisi ile nilipanda gari la saa mbili asubuhi kwenda Kasulu kununua dawa ya kuhifadhia maharage, nikarudi saa kumi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kwa hiyo kama nilitabasamu, niliwatabasamia wapiga debe wa stendi ya Kasulu, na hakuna hata mmoja aliyeenda kunishtaki.

Kibuyu ni changu, hilo sikatai. Mparachichi ni wangu, aliupanda mama yangu mwaka tuliohamia hapa, na nyumba ni hii aliyoniachia. Matone nayo ni yangu. Damu ndiyo si yangu.

Mambo ya kupikia ndege nilifundishwa na Reine, mama mmoja Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, tuliyezoeana naye zamani akiuza sabuni za vipande. Kabla ya sabuni alikuwa akimfulia daktari mmoja wa Kizungu pale kambini, na huyo daktari kazi yake ikiisha alikuwa akipika mafuta na kuwatundikia ndege barazani. Reine alinisimulia huku akicheka mpaka anashika mbavu.

"Minakwambia, dada, ile muzungu alikuwa anapikia ndege muzuri kuliko sisi batu!"

Nilimwomba anieleze hatua kwa hatua. Akaacha kucheka, akanitazama.

"Weye unataka kweli?"

"Nataka."

"Basi sikiliza. Munyu hapana, chumvi kabisa hapana. Munyu inaua ndege. Ile dokteri alikuwa mukali sana juu ya munyu."

Unachukua mafuta ya ng'ombe, yale meupe magumu yanayozunguka figo. Unayakatakata madogo kama unavyokata mboga. Unayaweka sufuriani na maji kidogo, moto mdogo, moto wa kubembeleza, maana ukiuzidisha yanaungua na kutoa harufu ya nywele. Yakishayeyuka unachuja kwa kitambaa. Vile vipande vinavyobaki unatia chumvi, unakula mwenyewe na ugali, hiyo ni mali yako. Mafuta yaliyochujwa unachanganya na pumba za mahindi, ulezi, na karanga zilizopondwa. Yakianza kuwa mazito unamimina ndani ya kibuyu kilichokatwa, unachomeka kijiti cha ndege kukanyagia, unaacha yagande mpaka kesho yake. Yakiganda yanakuwa magumu kama mshumaa. Hapo unatundika.

Mafuta nilikuwa nayapata kwa bwana Shamsi, mchinjaji. Kila siku ya kuchinja ninamsafishia meza na sakafu, ananipa riziki yangu pamoja na mafuta ya figo, kwani huku kwetu, penye mawese kila jiko, wanaoyataka ni wachache.

Watu wananiuliza faida yake nini. Nilipofiwa na mama nilikaa ndani siku nyingi, mlango wazi, sitoki. Kuna kale kandege keusi na keupe kanakotembea uani kakitikisa mkia, inyamanza tunakaita kwa Kiha. Kwetu mtoto akikatupia jiwe anachapwa, kwa sababu ni ndege wa nyumbani. Kalikuwa kanaingia mpaka kizingitini, kananitazama, kanaokota chembe ya ugali, kanatoka. Siku moja nikatoka nyuma yake. Ni hilo tu. Tangu siku ile nikazoea kutazama ndege. Najua nani anakuja asubuhi na nani anangoja wenzake washibe. Wale wenye kishungi na manjano chini ya mkia ndio wagomvi. Inyamanza hapandi kibuyuni, anaokota chini yanayodondoka. Sijui kama hiyo ni faida. Mimi inanitosha.

Wiki ile ya Alhamisi ndipo nilipokosea. Bwana Shamsi alichinja ng'ombe aliyekonda, mafuta ya figo hayakujaa hata kiganja. Kiangazi asubuhi huku kwetu kuna baridi, mawese yanaganda kwenye chupa mpaka uyachokonoe kwa kijiti. Nikaichukua ile chupa, nikaipindua, mawese hayakusogea. Nikasema, kumbe hata haya yanaganda! Nikajazia mawese nusu kwa nusu. Asubuhi nilipotundika kibuyu kilikuwa kigumu kama jiwe. Nikapanda gari. Sikufikiria jua la saa saba.

Ndiyo hiyo damu.

Jioni ile ile nilikwenda kwa Mama Claudine. Jina lake ni Yusta, lakini tunamwita kwa jina la mwanawe. Nilimkuta ameinamia makopa anayachambua, na kusema kweli niliona huruma, maana kile ndicho chakula chao cha wiki mbili.

"Mama Claudine, ni mawese. Nimekosea kupika. Makopa yaliyochafuka nitakurudishia, debe kwa debe."

Hakuinua kichwa. "Makopa yangu usiyaguse. Na ya kwako sitaki kuyaona ndani ya nyumba yangu."

Kesho yake bombani nilikuta foleni imenyamaza. Aliyekuwa mbele yangu akasogeza ndoo yake, kisha akaisogeza tena. Jumamosi nilipofika machinjioni, bwana Shamsi alikuwa ameshaosha meza mwenyewe. Alinipa mafuta ndani ya gazeti, anatazama pembeni.

"Loyce mdogo wangu, mimi sina neno na wewe. Wateja ndio wananiuliza. Kaa nyumbani kidogo mpaka yatulie."

"Yatulie nini, kaka Shamsi?"

"Si unajua."

"Sijui. Sema."

Watu wa hapa neno lile hawalitamki mbele yako. Wanalizungukazunguka kama kuku anayezunguka nyoka.

Jumamosi hiyo hiyo mchana akaja mzee Pasikali, mwenyekiti wa kitongoji chetu. Ni mtu mwema, ila anaogopa kelele kuliko anavyoogopa uongo. Nilimpa kiti, akakaa, akaweka kofia gotini.

"Mwana wanje, mwanangu," aliniambia, "nimeongea na mwenzako, amelainika. Hataki makubwa. Utoe jogoo na kreti ya soda, uombe radhi mbele ya watu wawili watatu, kibuyu ukishushe. Tunakunywa soda, yanaisha. Jumatatu unarudi kazini kwako."

"Niombe radhi ya nini, mzee?"

"Ya lile jambo."

"Makopa nitalipa. Mawese ni yangu. Nimeshamwambia."

"Makopa ni makopa. Hii ni ya amani."

"Mzee, nikitoa jogoo, mwakani watu watasema jogoo alikuwa wa nini?"

Mzee Pasikali akaigeuza kofia gotini. Nikamweleza yale ambayo kwa miaka tisa hapa Makere sikuwahi kumweleza mtu.

Sisi tulitokea Buhigwe. Mama yangu alimpa uji mtoto wa jirani, mtoto akaugua homa siku ile ile. Zahanati walisema malaria, wakamtibu, akapona. Lakini wazee walikuwa wamekwisha kuja nyumbani kwa mama na maneno matamu kama haya: toa mbuzi mmoja tu, omba radhi, yaishe, sisi ni majirani. Mama alikuwa amechoka. Akatoa mbuzi. Nyama ililiwa, watu wakashikana mikono. Tangu siku ile kila mtoto aliyekohoa pale kijijini aliletwa mlangoni kwetu. Mama akijitetea anaambiwa, kama hukufanya, mbuzi alikuwa wa nini? Miaka miwili tukavumilia, kisha tukahama na magodoro kichwani. Mama aliniambia yule mbuzi ndiye aliyemfunga, maana alimtoa kwa mikono yake mwenyewe.

"Kwa hiyo jogoo sitoi," nilisema. "Soda sinunui. Na kibuyu hakishuki. Nikikishusha, nimekubali."

"Sasa unataka nini, wewe mtoto?"

"Nataka uwaite watu. Si wawili watatu. Wote wa foleni ya bomba. Kesho wakitoka kanisani, saa sita, waje hapa uani kwangu."

"Waje kufanya nini?"

"Kunitazama nikipika."

Akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena. "Utaniletea kelele," alisema. Lakini aliwaita.

Jumapili niliamka na baridi. Nilichukua mafuta kidogo ya bwana Shamsi, nikayayeyusha, nikayachanganya na mawese nusu kwa nusu, kama nilivyofanya wiki ile, nikamimina kwenye kopo tupu, nikaliweka nje mpaka likawa gumu. Mafuta mengine nikayahifadhi kwa ajili ya watu. Nikafagia ua. Nikavaa gauni la mama la kitenge.

Walikuja wengi kuliko kanisani. Wengine walisimama barabarani kabisa, wakijifanya wanapita. Bwana Shamsi alikuja pia, akakaa nyuma. Mama Claudine alisimama upande wake wa ua, hakutaka kukanyaga kwangu.

"Mwenyekiti," alisema, "kwanza kibuyu kishuke, ndipo tuongee."

"Kinakaa pale pale," nilisema, "kila mtu akione."

"Mnasikia mdomo huo?"

"Ndio huu huu mmoja, Mama Claudine. Wa kuazima sina."

Watu wakaguna. Nikalitundika lile kopo juani, kwenye tawi lile lile, ila upande wangu wa ua. Chini yake nikatandika mkeka, na juu ya mkeka nikaweka makopa yangu, meupe, nimeyachagua moja moja. Kisha nikawasha jiko la mkaa.

"Haya ni nini?" niliuliza, nikafungua gazeti.

Nikawapitishia mbele ya macho. Bwana Shamsi akakohoa kule nyuma.

"Ni mafuta ya figo," alisema. "Ya ng'ombe wangu wa jana. Mimi mwenyewe nimempa."

"Asante, kaka."

Nikakatakata, nikaweka sufuriani, nikatia maji. Sikuharakisha. Kila nilichoshika nilikitaja jina: pumba hizi, ulezi huu, karanga hizi. Jua lilikuwa kali na watu hawana pa kukaa, lakini hakuondoka mtu. Mafuta yalipoanza kuyeyuka, bibi mmoja aliyekuwa mbele akanyoosha shingo.

"Mbona inanukia chakula cha watu? Hata mimi ningekula."

"Wewe bibi ungekula hata sabuni," mwenzake akamjibu, na watu wakacheka. Kicheko kile kilinisaidia, nikaendelea kukoroga.

Mama Claudine hakucheka. "Mwulizeni nani kamfundisha," alisema. "Mambo hayo si ya kwetu. Kayatoa wapi?"

Nilijua swali hilo lingekuja. Nilijua pia kwamba nikimtaja Reine, kesho yake maneno yote yatahamia kambini, na yeye hana hata nyumba ya kujitetea mlangoni pake.

"Nilifundishwa na mtu," nilisema. "Hayupo hapa, na jina lake sitalitaja. Mnayemtaka ni mimi, mimi huyu."

"Anaficha!"

"Naficha jina. Sufuria sijaificha, njoo uchungulie."

"Na ndege wa nini?" Sasa alikuwa ameshika mti wa ua kwa mikono miwili. "Mwanamke mzima, hana mume, hana mtoto, anapikia ndege! Mmeona wapi?"

"Una kuku kumi na wanne, Mama Claudine. Nani amewahi kukuuliza?"

"Kuku nakula!"

"Na mimi ndege natazama."

Mzee Pasikali akainua mkono tunyamaze. Na katika kunyamaza kule ndipo tukasikia tap. Halafu tap tena. Watu wote wakageuka. Lile kopo lilikuwa limeanza kuyeyuka, linadondoka, na juu ya kopa langu jeupe palikuwa na matone mawili mekundu, mabichi, yanang'aa. La tatu likaanguka tunalitazama.

Nikaliokota lile kopa, nikampelekea mwenyekiti. Akalinusa.

"Mawese," alisema.

Nikalizungusha kwa watu. Walinusa mmoja mmoja, wengine wakagusa kwa kidole. Bibi yule akalilamba kabisa. Lilipomaliza kuzunguka likanirudia mimi, nikalivunja, nikalitafuna mbele yao mpaka likaisha. Kopa bichi lenye mawese si chakula kitamu. Nilimeza lote.

Na wakati nikitafuna, inyamanza akashuka. Alitua katikati ya ua, kati ya miguu ya watu na jiko, akatikisa mkia, akaanza kuokota pumba zilizomwagika. Watu wakarudi nyuma kumpisha. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mzee Pasikali uso ukafunguka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi!" alisema. "Inyamanza amekula. Inyamanza hali penye ubaya. Mmeona wenyewe. Yamekwisha, tawanyikeni kwa amani."

Watu wakaanza kusogea. Wengine walinitabasamia, wale wale waliosogeza ndoo bombani. Ningeweza kunyamaza pale, nikawa nimeshinda. Lakini nilimtazama yule ndege, ninayempenda kuliko wote, nikaona hapana.

"Mzee, bado," nilisema.

"Bado nini tena?"

"Leo ametua inyamanza, mmesema mimi ni mwema. Kesho akitua kunguru je? Mtarudi?"

Walisimama.

"Sitaki ndege anitetee. Ndege amefuata pumba. Aliyeniletea maneno ni mtu mwenye mdomo, na mdomo huo ndio nautaka." Nikasogea mpaka kwenye ua, nikasimama mbele ya Mama Claudine, mti wa ua kati yetu. Kwa ukaribu ule niliona macho yake yana usingizi mchache, kama yangu. "Makopa yako nimeyapima, debe lako lile pale mlangoni, chukua. Ni haki yako. Sasa nakuomba na mimi haki yangu. Hutoi jogoo, hutoi soda. Sema tu hapa hapa, kwa sauti ile ile ya bombani: yalikuwa mawese, na Loyce hakuwepo. Maneno hayo tu. Nakuomba."

Alinitazama. Akawatazama watu. Midomo ilifunguka, nikadhani yanakuja. Kisha akageuka, akaanza kukunja mkeka wake, taratibu, kingo kwa kingo, mkeka ambao haukuwa na kitu juu yake.

Debe la makopa alilichukua jioni, watu walipokwisha kuondoka. Jumatatu nilikwenda machinjioni, nikaosha meza na sakafu kama kawaida, na bwana Shamsi akanifungia mafuta. Siku hizi sitii mawese. Nimeongeza kibuyu cha pili, kwenye tawi lile lile lililovuka ua.

Bombani foleni haisogezi ndoo tena. Lakini nimesikia mtu akimwambia mgeni, yule ndiye yule wa ndege, na mgeni akauliza wa ndege gani, na yule mtu akanyamaza. Kunyamaza huko nakujua. Ndiko kulikotuhamisha Buhigwe.

Kwa hiyo kila asubuhi naamka mapema, nawahi foleni, nasimama nyuma ya Mama Claudine, namsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, Mama Claudine."

"Mwakeye."

"Bado nakuomba."

Leo maji yalikuwa yanatoka kidogokidogo. Ndoo yake ilichelewa kujaa, na nyuma yetu watu walikuwa kumi na tisa, wote wanasikiliza. Nilimwomba tena, kwa sauti, maneno yale yale. Aliinama akaitazama ndoo. Ilijaa. Ikafurika, maji yakapita juu ya miguu yake na miguu yangu, na hakufunga bomba.